Amplifaya ya Nyumba Isiyo na Dari

Nakumbuka Jumanne moja, mwanangu, enzi za ujana wangu. Ujana wenyewe ulikuwa mwaka jana, korosho zimeshauzwa na watu wa Mtanda, mtaa wetu hapa Lindi, wanatembea wamenyoosha shingo. Usicheke. Nina miaka kumi na saba na nusu, na akili niliipata kwenye hiyo nusu, kwa hiyo kaa vizuri unisikilize. Kila wiki mnanijia, ninyi wa kidato cha kwanza, mnaniuliza: kaka, nataka amplifaya ya gitaa ya kupigia nyumbani, zile ndogo za valvu, nichukue ipi? Mnataka niwajibu kwa neno moja. Neno moja ninalo, lakini mkilipata bila habari yake mtalisahau kabla kengele ya mapumziko haijagongwa.

Nianze na nyumba. Watu wote huanza na amplifaya. Hata mimi nilianzia huko, na ndiyo maana leo nina cha kusimulia.

Nyumba yetu ni ya aina unayoijua. Ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu kulia, vitatu kushoto, nyuma uani kuna jiko na choo. Kuta zimepanda mpaka kimo cha mtu aliyesimama juu ya stuli akanyoosha mkono, zikaishia hapo. Juu yake ni hewa, halafu mapau, halafu bati. Dari ilikuwa ije baadaye, na hiyo baadaye haijafika. Mtu wa chumba cha kwanza akipiga chafya, mtu wa chumba cha sita ndiye anayemjibu yarhamukallah. Mama na mimi tunakaa vyumba viwili, vingine vina wapangaji, na hakuna siri ya chumba chochote ambayo vyumba vingine havijaipima uzito.

Katika chumba kilichopakana na changu alikaa Bi. Somoe. Mume wake alikuwa amefariki, na yeye alikuwa kwenye eda. Miezi minne na siku kumi, hatoki nje bila dharura, hajipambi, na wanaume wasio maharimu zake hawaingii kwake. Wakati huo mimi nilikuwa nimeshaota ndevu saba, nilizihesabu kwa kioo cha Mama, kwa hiyo nami nilikuwa mwanamume wa kutoingia. Tukisalimiana ni kwa juu ya ukuta. Asubuhi kabla ya shule napaza shikamoo kuelekea kwenye bati, marahaba inarudi kutoka upande wa pili, maisha yanaendelea.

Gitaa lilitoka kwa Mjomba, kaka yake Mama, anayelima Kitomanga. Gitaa la umeme, lenye kovu moja mgongoni, halina amplifaya. Gitaa la umeme bila amplifaya, mwanangu, ni kama kukuna sufuria kwa kijiti. Mama alilitazama kama mtu anayetazama mbuzi aliyeletwa bila kamba, akaniwekea sharti moja.

"Mtu mmoja wa nyumba hii akija kunilalamikia, mmoja tu, gitaa linapanda basi la Kitomanga. Na wewe utalisindikiza mpaka stendi, utarudi peke yako."

Nikamwambia Mama, hakuna atakayelalamika. Nilisema kwa uhakika wote, maana nilikuwa kidato cha tatu, umri ambao mtu anajua kila kitu isipokuwa kile alichoulizwa kwenye mtihani.

Basi Jumanne hiyo nikatoka shule na rafiki yangu Mudi, tukashuka mjini kwenye duka la Mzee Jaffer. Mzee Jaffer anauza redio, feni, betri na nyaya, na nyuma ya duka anatengeneza vilivyokufa. Babu yake aliuza vitu kwenye duka hilohilo, kwa hiyo usimdanganye habari za Lindi, atakutajia babu yako alikuwa anavaa kofia ya namna gani. Juu ya rafu zilikuwepo amplifaya mbili za valvu, zote mtumba zilizokuja na mzigo kutoka Dar. Valvu, kama hujawahi kuziona, ni vichupa vya kioo, ndugu za balbu, vimesimama mgongoni mwa amplifaya vinawaka rangi ya machungwa. Vinahitaji kupata moto kwanza ndipo sauti itoke. Ukiwasha na kupiga palepale hupati kitu, unabaki unajiangalia.

Moja ilikuwa ya wati thelathini, imevikwa ngozi nyeusi, ina pembe za chuma zinazong'aa, na spika yake pana kama sinia la pilau. Nyingine ilikuwa ya wati tano, imepakwa rangi ya dawati la shule, na kimo chake hakikufika gotini kwangu.

"Mwana, hii hapa ndiyo yenyewe," Mudi akasema, mkono uko kwenye ile kubwa. "Hiyo nyingine si kopo la maziwa ya unga?"

"Wewe mwenyewe hilo kopo limekulea," Mzee Jaffer akamjibu bila kuinua macho. Akanigeukia. "Utapigia wapi?"

"Nyumbani, mzee."

"Nyumbani ni pakubwa. Uani? Barazani?"

"Chumbani kwangu."

"Na chumba kinachofuata kina nani?"

Swali lile, mwanangu, ndilo lililokuwa mtihani wenyewe, nami nililipita kama sikuliona. Nikasema, "Wapo watu tu." Yeye akaniambia polepole, anafunga skrubu ya feni, kwamba valvu zinataka kufanyishwa kazi. Ukizipa kazi kidogo zinasinzia, sauti inatoka imelala. Ile ya wati tano chumbani utaipandisha mpaka katikati, itaimba. Ile ya thelathini chumbani haitaamka maisha yake yote, labda uwafukuze majirani. "Na usidhani thelathini inasikika mara sita ya tano," akasema. "Haifiki hata mara mbili. Unanunua uzito."

Nilimsikia? Nilisikia neno thelathini. Mudi alikuwa ameshaanza kuizungushia kamba.

Mzee Jaffer hakubishana. Alisema, "Ichukue. Jumatatu ukitaka kubadilisha, irudishe bila mkwaruzo. Ikipita Jumatatu ni yako, na hii ndogo kuna mwalimu wa Kilwa Masoko ameshaiulizia mara mbili." Nikamhesabia pesa zangu za kibarua cha korosho, tukaondoka tumebeba ile kubwa, mmoja huku, mmoja kule, kama watu waliobeba jeneza la mtu mnene. Kila aliyekutana nasi njiani aliuliza harusi iko wapi. Nilifurahi kuulizwa. Ona jinsi nilivyokuwa.

Siku mbili za kwanza nilipiga chini kabisa, kitufe cha sauti kikiwa kwenye moja. Sauti ilitoka kama mtu anayeongea na tonge mdomoni. Nikakigusa kidogo, nikisema unywele tu, bati lote la nyumba likaitikia. Kati ya moja na mbili hapakuwa na kitu cha kushika, ni kunong'ona au kupiga kelele. Wimbo niliokuwa naujua ni mmoja, na wimbo wenyewe nilikuwa najua mwanzo wake tu, kwa hiyo nikarudia ule mwanzo, mara arobaini, mara hamsini, wakati mwingine vibaya na wakati mwingine vibaya zaidi.

Alhamisi, baada ya Alasiri, Mama alikwenda mazikoni upande wa pili wa mtaa. Wapangaji wengine hawakuwepo. Nikajiambia, sasa niisikie amplifaya yangu inavyosema inapoambiwa iseme. Nikaipeleka mpaka nne.

Mwanangu, sauti ilikuwa tamu. Sitakudanganya kwa sababu nataka kukufundisha. Zile valvu ziliamka, noti moja ilisimama hewani ikakaa. Nilipiga, nikafumba macho, nikapiga tena. Kitu baridi kikaniangukia shingoni, nikadhani ni mjusi. Nikafumbua macho. Masizi. Masizi ya miaka yote ya koroboi na majiko ya kupikia ndani yalikuwa yamelala juu ya mapau, na bati lilipotetemeka yakashuka, vyumba vyote sita kwa pamoja, bila ubaguzi.

Nikazima. Nikasikia mlango wa mbele unafungwa, nyayo za mtu zinaondoka. Halafu, kutoka juu ya ukuta, sauti.

"Hemedi."

"Naam, Bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Umemaliza, au unapumzika?"

"Nimemaliza, Bibi. Nisamehe. Kuna masizi yameanguka kwako?"

"Yameanguka kwenye uji. Uji nitapika mwingine." Nikasikia anasogeza sufuria. "Umemsikia Bi. Tatu anatoka?"

Bi. Tatu ni jamaa yake, anakaa Tingi, huko Kilwa. Nikasema sikujua kama alikuwa na mgeni.

"Utajuaje. Binti yangu amejifungua kule Tingi, mtoto wake wa kwanza. Mimi siwezi kwenda, unajua nilivyo. Kwenye simu wameniambia mtoto mzima, mama mzima, basi. Bi. Tatu amepanda basi kutoka kule ili aje anieleze sura. Tumekaa hapa, ndiyo kwanza ananieleza sura, wewe ukapiga. Namwona midomo inakwenda. Nasema ee, nasema ee, sijui naitikia nini. Na basi la mwisho la kurudi halimngoji mtu."

Nikajifuta masizi shingoni.

"Bibi, nakuomba usimwambie Mama," nikasema. Hilo ndilo lililotoka, ona aibu. Mtu amenyang'anywa sura ya mjukuu wake, mimi nalilia gitaa.

"Mama yako nimwambie nini? Nakuuliza wewe. Hilo lidude likikuchosha wewe unatoka, unaenda barazani, unaenda kucheza mpira, unaenda kwa Mudi. Mimi nina siku hamsini na tatu ndani ya chumba hiki. Sasa dukani ulikwenda kujichagulia wewe, au ulikwenda kunichagulia mimi?"

Nikakaa kitandani na masizi yangu.

"Na usidhani nakwambia usipige," akaendelea, sauti sasa imeshuka kidogo. "Kupiga piga. Nyumba ya msiba nayo inachoka kimya. Lakini hivyo unavyopiga chini ndivyo kubaya zaidi. Kama mbu. Sijui analia, sijui anang'ata. Na pale mwisho unakosea kila siku mahali pamoja."

"Kidole kidogo hakifiki, Bibi."

"Kifikishe."

Jioni Mama akarudi. Alikuta masizi kwenye vitenge alivyokuwa amevifua, akasimama ukumbini katikati, akauliza kwa ile sauti ya chini ambayo ni mbaya kuliko ya juu: nani ana lalamiko juu ya huyu mtoto, aseme nimsikie. Wapangaji wawili walikuwa wamerudi na walikuwa wameshaona vyungu vyao. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango, gitaa nimelikumbatia kama ndugu anayesafiri.

Aliyetangulia kujibu ni Bi. Somoe, kwa juu ya ukuta. "Mama Hemedi, hakuna lalamiko. Hemedi na mimi tunachagua amplifaya. Hiyo haikufaa. Anairudisha."

Sasa mpangaji gani atasimama kulalamika baada ya mfiwa kusema hana lalamiko? Mama akacheka kidogo puani, akasema, "Haya. Jumatatu ikipita na hilo jeneza bado liko ndani, nitalalamika mimi mwenyewe." Usiku ule nilifua vitenge vyote, na vyungu nikavisugua kwa majivu, na hakuna aliyenishukuru, na ilikuwa sawa.

Jumamosi nikairudisha. Mudi alikataa kubeba, alisema yeye ni fundi wa kupandisha, si wa kushusha, kwa hiyo nikaipakata kwenye bodaboda, gitaa mgongoni, nikiwa sioni mbele. Njiani nilikuwa nawaza kitu kimoja tu: kama mwalimu wa Kilwa Masoko ameshapita, gitaa limekwenda. Mzee Jaffer aliniona, akaikagua pembe kwa pembe, hakusema nilikuambia. Watu wanaoweza kujizuia kusema nilikuambia ni wachache, mwanangu, ukimpata mmoja mpe salamu kila siku. Ile ndogo ilikuwa bado ipo rafuni.

"Sasa leo tunachagua," akasema. "Kaa hapo mlangoni, uso barabarani. Macho yako ndiyo yaliyokununulia ile ya kwanza."

Akazichomeka zote mbili nyuma yangu. Akasubiri zipate moto. Kwanza akaniambia nisiguse hata uzi mmoja, nisikilize mngurumo. Ile inayonguruma sana ukiwa hujapiga kitu, alisema, itanguruma hivyohivyo kila siku ya maisha yako. Kisha nikapiga ule mwanzo wangu, naye akawa anaongeza polepole. Akaingia mama mmoja kununua betri za tochi. Mzee Jaffer akaongea naye kwa sauti yake ya kila siku, bei ya betri, homa ya mtoto, mvua, na alipoona anataka kupaza sauti akasimamisha kitufe hapohapo. "Hapa," akasema. "Sauti ya nyumba ni hii. Ipi imeamka na ipi imelala?"

Moja ilikuwa na tonge mdomoni. Nyingine ilikuwa na sauti ya mtu aliyeamka asubuhi ambaye bado hajaongea na yeyote, ina mkwaruzo kidogo, ina joto. Nikageuka. Ilikuwa ile yenye rangi ya dawati, kitufe kiko nusu.

Aligeuza akanionyesha maandishi ya nyuma. Imeandikwa volti mia mbili na thelathini, umeme wetu. Zipo zinazokuja zimeandikwa mia moja na kumi, hizo ukizichomeka ukutani bila transfoma unasikia mlio mmoja na harufu, basi. Akaniambia mgongo wake nisiufungue hata nikiwa nimechomoa waya, kwa sababu humo ndani umeme unabaki umejificha na unaua. Valvu zikichoka nimletee yeye. Nisiiweke chini sakafuni, niiweke juu ya stuli. Na nisiiegemeze kwenye ukuta wa jirani.

Nikaibeba mkono mmoja mpaka Mtanda. Hakuna aliyeniuliza harusi.

Nilipofika niliiweka juu ya stuli, upande wa dirisha, mbali na ukuta wa Bi. Somoe, mgongo wake umeelekea nje. Sikupiga siku hiyo. Nilimpigia simu Bi. Tatu, namba nilipewa na Mama, nikajieleza mimi ni nani. Alinikumbuka vizuri kuliko nilivyopenda. Nikamwomba kama ana safari nyingine ya huku, nauli yake nitaichangia mimi. Akasema nauli anayo, anachotaka ni mimi kunyamaza.

Akaja Jumatano. Nilimsikia anaingia, viatu vinavuliwa, pole zinatolewa. Nikakaa na gitaa pajani, sikugusa. Kwa juu ya ukuta habari zikaanza kuja. Mtoto mwekundu bado, nywele nyingi mpaka mashavuni, paji la uso limekunjwa kama mzee anayedaiwa jibu. Vidole virefu. Akinyonya anashika sikio la mama yake halafu haliachii. Bi. Somoe akauliza sikio lipi. Bi. Tatu akasema la kushoto. Akauliza analishikaje. Nadhani Bi. Tatu alimshika sikio kumwonyesha, maana wote wawili wakacheka, na Bi. Somoe sikuwahi kumsikia akicheka tangu mzee wake afariki.

Yalipokwisha mambo ya sikio, sauti ikapanda.

"Hemedi, upo?"

"Nipo, Bibi."

"Lile jipya ulilolileta, mbona halisemi?"

"Nawasubiri mmalize."

"Piga, nijue."

Nikapiga, kitufe kiko pale alipokiacha Mzee Jaffer. Nikapiga ule mwanzo, kidole kidogo nikakivuta mpaka kikafika. Wao wakaendelea na maongezi. Nilikuwa nasikia kila neno lao katikati ya noti zangu: uzito wa mtoto, nani atamwosha, nazi za Tingi zimepanda bei. Mara wakafika mahali pa chini, pa kunong'ona, nikadhani ni mambo ya marehemu, nikanyanyua mkono kwenye nyuzi.

"Mbona umeacha?" Bi. Somoe akauliza. "Endelea. Tunasikilizana."

Basi, mwanangu, ushauri wangu nautoa kama ulivyo. Amplifaya ya nyumbani isiwe zaidi ya wati tano, na ukipata ya wati moja yenye valvu nzima usiicheke. Isikilize kabla hujaitazama. Isikilize kwa kiwango ambacho mtu pembeni yako anaweza kununua betri bila kupaza sauti. Kama pale ndipo inapoimba, ichukue, hata ikiwa na rangi ya dawati. Kama pale imelala, iache, hata ikiwa na pembe za dhahabu. Lakini kabla ya hayo yote, kabla hujapanda bodaboda kwenda mjini, zunguka nyumba yenu chumba kwa chumba, muulize aliye humo siku zake zikoje. Nani anasoma, nani ana mtoto mchanga, nani anarudi kazini alfajiri akalala mchana, nani ana mgeni wa mbali anayemletea habari. Mtafute hasa yule asiyeweza kutoka. Nenda dukani na masikio yake, ya kwako yabebe kama akiba.

Mwenyezi Mungu akujaalie, wewe mdogo wangu ninayekuita mwanangu ili niwe na heshima. Akupe vidole vinavyofika, umeme usiokatika katikati ya wimbo, mama mwenye sharti moja tu. Na ukipiga, wenye huzuni wasiongezewe, wenye furaha wasikatizwe, na jirani yako akikuita jina lako kwa juu ya ukuta, iwe ni kukuomba uendelee. Amina.